Nimealikwa kuona sanamu za Wangechi Mutu kabla ya ufunguzi, nataka kwenda na mzee mchongaji. Naombeni ushauri

MwanaTemeke_NJ

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie, nina siku tano tu na sijui nianzie wapi.

Mimi nipo New Jersey, mchana nafanya kazi ya stoo, jioni natengeneza kipindi cha Kiswahili cha redio ya mtandaoni, wanasikiliza watu wetu wa huku na baadhi wa nyumbani. Mwezi uliopita niliwaandikia imeili Metropolitan Museum ya New York nikiomba kuingia siku ya waandishi, ile siku wanayowaonyesha waandishi kazi kabla wananchi hawajaruhusiwa, wala sikutegemea kitu, jana nikajibiwa njoo na unaweza kuja na mtu mmoja. Ni sanamu 4 za bronzi za Wangechi Mutu, dada yetu wa Kenya, na haziwekwi ndani, zinawekwa nje kabisa kwenye uso wa jengo. Pale mbele kuna mashubaka manne ukutani, jengo lilipomalizika mwaka 1902 yalikuwa yawekwe sanamu lakini hela zikakosekana, basi yamekaa matupu miaka 117 watu wanapita tu chini yake. Na wa kwanza kabisa kuyajaza ni mwanamke aliyezaliwa Nairobi. Mimi nilivyosoma hivyo nilisimama katikati ya stoo nikasahau nilichofuata.

Wananchi wataanza kuziona tarehe 9 Septemba 2019.

Sasa huyo mtu mmoja ninayetaka kwenda naye ni mzee mchongaji, simtaji jina kwa sababu sijamwomba ruhusa. Ni Mmakonde wa Newala, anachonga vinyago Dar tangu mimi sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa anauza chai karibu na kibanda chao pale Mwenge, mimi nikitoka shule nakaa pembeni ya huyu mzee namwangalia anavyopiga tezo, hapigi kwa nguvu, anapiga kama anabisha hodi, na ule mti unaachia ganda la njano mpaka weusi unatokea ndani. Siku moja akanipa kipande cha msasa na kinyago kidogo akasema haya, ng'arisha huyu mpaka ujione. Nilikuwa na miaka tisa. Sijawahi kumwambia ila kila kitu ninachokipenda kwenye sanaa kilianzia siku ile.

Amekuja kumtembelea binti yake Bronx, mwisho wa mwezi anarudi. Kiingereza haongei. Maswali yangu ni haya: kumpeleka mzee asiyejua lugha sehemu kama ile ni kumheshimu au ni kumtesa? Nikiwa namtafsiria yeye, kazi yangu ya kipindi itafanyika saa ngapi? Na yeye mwenyewe anataka kumpelekea Wangechi zawadi ya kinyago kidogo, hiyo inaruhusiwa? Waliowahi kwenda shughuli za namna hii naombeni mniambie ukweli.

KalamuNai

Hongera sana ndugu yangu, hiyo si kitu ndogo.

Nimefanya hizi shughuli kadhaa hapa Nairobi na mara mbili nje. Kwanza leo hii, sio kesho, waandikie uwatumie jina kamili la mzee vile liko kwenye paspoti. Usiseme tu "nakuja na mtu". Mlangoni kuna mtu na listi, na mzee akisimamishwa hapo kama mtu aliyekuja kuombaomba utajuta siku nzima. Hakikisha ana kitambulisho mfukoni.

Fika nusu saa mapema. Utapewa karatasi za maelezo, uzisome hapo hapo kabla watu hawajaanza kuongea, usizifungie kwa begi uende kuzisoma nyumbani. Kuna hotuba za wakubwa, hizo zinaenda haraka, halafu watu wote wanamkimbilia msanii na maikrofoni na hapo ndio watu hupoteza asubuhi yao yote, wanang'ang'ania sekunde ishirini za kuuliza kitu ambacho kiko kwa karatasi tayari. Soma kama kuna saa waliyoweka ya kutotoa habari kabla yake, ukiivunja hawatakuita tena.

Ukipata nafasi ya swali usiulize "ulipata wapi wazo". Uliza kitu ya mkono. Alianza na udongo ama na nta, kwa nini sehemu ingine imeachwa nyeusi na ingine imesuguliwa ikang'aa. Wasanii huchangamka ukiuliza vitu vya kazi.

Kuhusu zawadi, usimpe mtu kitu mkononi kwenye umati, walinzi hawatapenda na yeye mwenyewe atakosa pa kuiweka. Uliza ofisi ya habari kwanza.

Mkereketwa77

Mimi nitasema tofauti kidogo mnisamehe. Nenda peke yako. Hiyo ni kazi, umeomba kama mwandishi, na nafasi kama hizo watu wetu hatuzipati mara nyingi kwa hiyo ukiipata ifanye kikamilifu urudi na kitu cha maana. Hizo sanamu zipo nje, zinatazama barabara, kuziona ni bure, mzee unaweza kumpeleka tarehe 10 mkakaa kwenye ngazi mkala karanga mkaangalia mpaka mchoke, hakuna wa kuwaharakisha. Siku ya waandishi utakuwa unagawanyika, huku unatafsiri huku unarekodi, mwisho mzee ataona anakusumbua na wewe hutakuwa na sauti hata moja nzuri.

MwanaTemeke_NJ

Mkereketwa77 nimekuelewa na usiku nimelifikiria sana hilo. Ni kweli bure ipo. Ila kinachonisumbua ni kitu kimoja, siku ile ndiyo siku maneno ya kwanza yanaandikwa. Watu mia wanasimama pale na daftari, na watakachoandika ndicho kitakachosomwa na wengine wote baadaye, na katika hao watu mia hakuna hata mmoja aliyewahi kuchonga mwanamke kwa mkono wake kwa miaka yote hiyo. Nataka awepo mmoja. Hata asiposema kitu.

MkeWaLamu

Assalamu alaikum. Mwanangu mpeleke mzee.

Umesema mashubaka nikatabasamu, maana kwetu Lamu twaita zidaka, nyumba za kale za mawe ukuta wa ndani umejaa zidaka za chokaa, mlikuwa mukiwekwa sahani za Kichina na vyombo vya thamani, na nyumba yenye zidaka tupu watu wazima wakiiangalia hunyamaza kwa sababu wajua kuna kitu kilikuwapo kimeondoka. Sasa hizo za huko hazijawahi kuwekwa kitu tangu zijengwe. Ni habari nyingine kabisa.

Wangechi mimi nimemfuatilia muda mrefu. Kazaliwa 1972 Nairobi, kasomea sanaa Cooper Union pale pale New York kisha Yale. Wengi wamjua kwa zile picha za kukata na kubandika, wanawake waliotengenezwa kwa vipande vya magazeti, mdomo wa huyu na jicho la pikipiki na ngozi ya nyoka, ukiziangalia kwa mbali nzuri, ukisogea waogopa kidogo. Mwaka 2014 alifanya maonyesho London akayapa jina la Kiswahili kabisa, Nguva na Nyoka. Mimi siku niliyoona lile jina nilifurahi kama mtoto. Sisi watu wa pwani nguva twamjua wa kweli, yule mnyama wa baharini anayenyonyesha, na twamjua wa hadithi pia anayevuta wavuvi, na yeye hakusema kwa Kiingereza kisha akatafsiri, kalichukua neno lilivyo na wazungu wakajifunza kulitamka.

Kwa hiyo mzee wako asiwe na hofu ya lugha. Mwenye zile sanamu lugha yetu yuaisikia.

Mwana_Lshi

Jambo ndugu. Miye niko Lubumbashi, musinicheke Kiswahili yangu iko ya huku kwetu.

Nilisoma mu gazeti eye Wangechi mbele ya kufanya bale banamuke ine aliangalia kiti ya Baluba, bantu ba huku Kongo. Nenda ndani ya ile museum mukimaliza inje, uulize fasi ya Afrika, mule iko kiti moja ya mufalme, mwanamuke anainua kiti na mikono na kichwa, uso yake murefu, mikono yake mikubwa kupita mwili. Fundi mwenye kuichonga banamuita Fundi wa Buli, na bamoya banasema jina yake ya kweli ilikuwa Ngongo ya Chintu. Iko ya karne ya 19. Haiko kiti ya kukalia tu kila siku, hapana. Ile viti balikuwa banaifunga mu kitambaa nyeupe, banaichunga, banaitosha siku ya mambo mukubwa. Na kwa nini mwanamuke? Juu mu Baluba nguvu ya mufalme inakaa mu mwanamuke, eye ndiye anaishika.

Babu yangu alikuwa Muluba. Mwambie muzee aangalie ile mikono kwa niaba yangu, miye sijafika kule.

KalamuNai

Hii ya Lubumbashi ni muhimu, iandike mkononi kama lazima. Wagiriki pia walikuwa na hizo nguzo za wanawake wanaobeba paa na hilo jengo la New York limejengwa kwa mtindo wa Ulaya, nguzo na matao, kwa hivyo Wangechi ameweka pamoja nguzo ya Mgiriki na kiti ya Mluba halafu akaondoa mzigo. Kama nimeelewa vizuri hawa wanne hawabebi kitu. Angalia ukifika utuambie.

MwanaTemeke_NJ

Nimerudi. Samahani nimekaa siku mbili bila kuandika, nilikuwa nasikiliza nilichorekodi mara ya tatu sasa. Itakuwa ndefu mnivumilie.

Jina la mzee nililituma siku ileile KalamuNai alivyosema, na mlangoni lilikuwepo, limeandikwa vizuri na herufi zote. Alilitazama kwenye ile kadi ya kuning'iniza shingoni akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akaiingiza ndani ya koti isipigwe na upepo. Alivaa koti la bluu la mkwewe. Tulikuja na treni namba 4 kutoka Bronx mpaka mtaa wa 86 tukatembea, mwendo wote hakusema kitu, mkononi ana kipande cha mpingo ukubwa wa kiberiti kubwa, hakijawa kitu bado, anakisugua tu kwa kidole gumba. Ndiyo ile zawadi. Nilikuwa nimeshamweleza kwamba haiwezekani kuitoa pale, akasema basi nitakuwa nayo tu.

Tumefika mimi nikaanza kama mlivyoniambia, kusoma karatasi. Mzee hakusimama na mimi. Watu wote walikuwa katikati chini ya ngazi wanaangalia kwa mbele, yeye akaenda zake pembeni kabisa kushoto, akatembea mpaka ukuta ukamzuia, akasimama pale anaziangalia kwa ubavu. Nikamfuata nikamuuliza mzee mbona huku, akaniambia mbele ni kwa mteja, fundi anaanza na ubavu, ubavu haudanganyi, kama mtu amekaa vibaya utaona huku kiunoni. Akakaa kimya kisha akasema, huyu amekaa vizuri.

Nijaribu kuwaelezea zilivyo. Kila mmoja ni kama mita 2 hivi, bronzi nyeusi iliyoiva kama mpingo uliopakwa mafuta. Wamekaa lakini ukiangalia sana kama wamepiga magoti, mgongo umenyooka kabisa. Mwili wote kuanzia shingoni umefungwa misokoto, duara juu ya duara kama kamba nene au kama mikufu ya ushanga imeendelea mpaka chini ikawa nguo. Vidole virefu. Na kichwani kila mmoja ana sahani ya mviringo, iliyosuguliwa mpaka inaakisi kama kioo, ila si mahali pamoja, mmoja iko machoni, mwingine mdomoni. Na KalamuNai uko sahihi, hawabebi kitu. Mikono imetulia.

Jengo linatazama mashariki kwa hiyo asubuhi jua linalipiga usoni. Tulikuwa tumehamia mbele sasa, hotuba zinaendelea, mimi namtafsiria kwa sauti ya chini, mara wingu likasogea na ile sahani ya mdomoni ikawaka. Yaani ikawaka kweli, mwanga ukaja mpaka pale tuliposimama, niliuona kwenye koti lake. Mzee akanyanyua mkono akajishika mdomo wa juu. Akasema ndonya.

Mimi sikujua hilo neno, nakiri. Nikamuuliza, na hapo nikaacha kutafsiri hotuba, nikageuza kinasa sauti kikamwelekea yeye. Akanieleza taratibu. Ndonya ni kile kipande cha mti cha duara walichokuwa wanavaa wanawake wa Kimakonde kwenye mdomo wa juu, wa juu siyo wa chini, wanatoboa ukiwa msichana na kinaongezwa ukubwa kadiri unavyokua. Bibi yake mzaa mama alikuwa nayo, ya mpingo. Anasema akiongea ilikuwa inatikisika kidogo na wao watoto walikuwa wanajua amekasirika au amefurahi kwa ile ndonya kabla hata maneno hayajatoka. Na chale za usoni alikuwa nazo. Halafu shule zikaja, wajukuu wakaanza kurudi na marafiki, na marafiki wakicheka. Hakugombana na mtu. Akawa akipakuliwa chakula anachukua sahani yake anaenda kulia nyuma ya nyumba.

Mzee akasema, na mimi nikiwa mmoja wa waliocheka.

Nilinyamaza. Mabasi yanapita Fifth Avenue, kwenye rekodi yanasikika, sitayaondoa.

Kisha akaendelea mwenyewe. Anasema alipoanza kuuza vinyago watalii walikuwa wanawapenda sana mabibi wenye ndonya, akachonga mamia, hata mmoja hakuwa yeye, alikuwa anachonga haraka macho yakiwa kwenye bei. Akanyoosha kidole juu, nasikia pale kwenye rekodi sauti yake ikibadilika. "Bibi alikuwa anakula nyuma ya nyumba. Huyu wamemweka mbele ya nyumba."

Pembeni yetu kulikuwa na mama mmoja mwandishi, mtu mzima, sijui wa gazeti gani, alikuwa ametuangalia muda. Akaniuliza kwa upole huyu bwana anasema nini. Nikamtafsiria yote, la bibi na la kucheka pia kwa sababu mzee alinikubalia kwa kichwa. Nilipofika kwenye neno nikakwama, kwenye karatasi wameandika sahani za midomo za wanawake wa Afrika basi, imeishia hapo, nikaona nikilisema hilo nimemrudisha bibi yake nyuma ya nyumba. Nikasema ndonya. Akaniomba nimtajie herufi. Nikamtajia, akaandika kwa herufi kubwa NDONYA kwenye daftari akaipigia mstari, kisha akamuuliza mzee kwa ishara, hapa? akijigusa mdomo wa chini. Mzee akatikisa kichwa, akamgusisha mdomo wa juu. Yule mama akaandika na hilo.

Mkereketwa77, umati ulikuwa unamkimbilia msanii wakati huohuo na mimi sikwenda. Swali langu la mkono nililolitayarisha usiku kucha sikuliuliza. Nilibaki na mzee kwenye ngazi.

Baadaye tukaingia ndani. Mwana_Lshi, tumeiona. Nilitegemea kitu kikubwa, ni kidogo, kama sentimita 61 hivi, unaweza kukipakata. Tuliinama wote wawili mpaka mlinzi akasogea kidogo kuangalia. Mzee alianza ubavuni tena. Ile mikono, ndugu yangu, viganja vikubwa kama ulivyosema, vimefunguka kabisa kama mtu anayeshika beseni la maji lisimwagike. Nikamwambia Mluba mmoja wa Lubumbashi ameomba uiangalie kwa niaba yake. Akavua kofia. Akaangalia muda mrefu, nikamtajia na lile jina ulilonipa, Ngongo ya Chintu. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema alikuwa na mkono mzuri, hapa chini ya kwapa ni pagumu kufika na tezo, hapa alitumia kisu kidogo na alikuwa hana haraka.

Mwana_Lshi

Ndugu yangu, nimesoma ile fasi ya kofia nikamuita bibi yangu nikamusomea. Aksanti. Aksanti sana na muzee umupe salamu ya Lubumbashi.

BintiMasasi

Mimi huwa nasoma tu humu siandiki, leo nimejisajili kwa ajili ya hii. Shangazi yangu alikuwa na tundu, ndonya yenyewe alishaiacha zamani, tundu likabaki limejikunja mdomoni na sisi tukamzoea hivyo, akinywa uji alikuwa anaziba kwa kidole. Hakuna aliyewahi kunieleza vizuri. Nilidhani ni ugonjwa mpaka nilipokuwa sekondari. Mwambie mzee nimemsikia. Na naomba ukimalizia kipindi uweke linki hapa, nataka mama yangu amsikilize akisema kwa sauti yake.

MkeWaLamu

Allah ampe umri. Hilo la kucheka, si wote wangeweza kulisema, tena mbele ya mgeni.

Na ile zawadi iliishia wapi?

KalamuNai

Nilikupa ushauri wa kukimbia na muda na wewe ukafanya ingine kabisa, na nafurahi. Ila naomba kitu moja, usikate hiyo rekodi iwe dakika tano. Wacha iwe vile iko na mabasi yote.

Na pia mzee amesema ni sawa itoke? Hiyo ya bibi ni ya familia.

MwanaTemeke_NJ

Nimemuuliza mara mbili, siku ile kwenye treni na jana kwenye simu binti yake akiwepo. Amekubali yote itoke, ila jina la bibi nisilitaje na la kwake pia nisilitaje, niseme tu mchongaji wa Newala. Nitafanya hivyo. Rekodi ni dakika 41, sikati, nitaweka maelezo mafupi mwanzoni kuhusu hizo sanamu na zitakaa mpaka lini, maana walituambia ni mpaka Januari 12, 2020, kwa hiyo walio karibu na New York wana muda wa kwenda. Nendeni asubuhi jua likiwa mbele. BintiMasasi nitakuwekea linki hapa Jumamosi.

Zawadi alirudi nayo mfukoni. Jana nilipita kwa binti yake nikamkuta jikoni kwenye kiti kidogo, ametandika gazeti chini, amekwisha kukifungua kile kipande kwa kisu cha binti yake cha kumenyea viazi maana vifaa vyake viko Dar. Ni uso. Macho bado, pua ipo, na mdomo wa juu ameuacha mnene kuliko ule wa chini. Sikuuliza ni nani. Akaniambia msasa alionao ni wa kukwaruza sana, nimtafutie ulio laini, ule wa kung'arisha mpaka ujione.

Nimeshaununua, namba 400 na namba 600, nampelekea kesho nikitoka kazini.